Kidoti Chekundu na Mwezi wa Mzee Dakane

Mwalimu wa fizikia aliyeko sasa ameniomba niwaandikie ninyi mnaoingia maabara, maana nimestaafu na funguo za makabati nimewaachia. Sijui kama amemwomba mtu anayefaa. Shule niliishia darasa la saba, na daftari ninaloandika kila siku mke wangu huliita daftari la kujishtaki. Lakini nimekubali, basi nitasema niliyoyaona. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina. Patakuwa pengi.

Niliingia maabara mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka kufagia mabweni. Siku ya kwanza Mwalimu Musyoka, aliyekuwa akifundisha fizikia, alinipa kitambaa nifute lenzi zote za kabatini. Nikazisugua kama sufuria. Akanishika mkono.

"Jillo, hapa hatusugui. Puliza vumbi kwanza, ndiyo ufute. Mchanga wa Garissa ukiusugua juu ya kioo, umekipiga msasa."

Alikuwa mtu wa Kitui, mrefu, mkimya. Mimi ni mtu wa kando ya mto, watu wa mashamba, na hapa mjini wenye ngamia hawakuwa wakitupa kiti cha mbele. Musyoka alinipa kiti. Alinifundisha kusoma kipimajoto, kuandika lebo za asidi, na kukiri nikivunja kitu kabla sijaulizwa. Hilo la mwisho alilirudia sana. Alisema kifaa kilichovunjika hakidanganyi mtu, kinachodanganya ni kile ambacho kimeharibika na mtu amenyamaza.

Kulikuwa na mambo ya kuchekesha pia. Jilaal moja, ule ukame wa baada ya mwaka mpya, mbuzi aliingia maabara akala karatasi za litmasi, nyekundu na buluu zote. Musyoka akaniambia nimwandike kwenye kitabu cha majaribio. Matokeo hatukuyapata, alichinjwa kabla.

Darubini ilitujia kutoka kwa mwalimu mmoja wa kigeni aliyemaliza muda wake akaona ni nzito kubeba. Bomba jeupe, miguu mitatu ya mbao, lenzi mbili za kuwekea jicho, moja ya nguvu kidogo na moja ya nguvu nyingi. Sasa, darubini kubwa inaona kipande kidogo sana cha mbingu. Kuielekeza kwenye kitu ni kama kutafuta sindano uwanjani ukichungulia kwa mrija. Ndiyo maana ubavuni hufungwa kifaa kingine cha kulengea. Kwenye sanduku letu vilikuwamo viwili, na kiti cha kuvifunga kilikuwa kimoja tu.

Cha kwanza kilikuwa kidarubini kidogo chenye nyuzi mbili zilizopishana. Kinakuza kidogo, lakini kinageuza dunia kichwa chini. Cha pili kilikuwa kioo kidogo kilichosimama kwenye kiboksi cha plastiki, na ndani taa ndogo ya betri. Ukichungulia unaona mbingu vile vile ilivyo, bila kukuzwa, na juu yake kidoti chekundu kinaelea. Unasogeza bomba mpaka kidoti kikae juu ya nyota unayoitaka, halafu unahamia lenzi kubwa.

"Chagua wewe," Musyoka akaniambia. "Wewe ndiye utakayekuwa ukiifunga na kuifungua."

Nilichagua kidoti. Sababu yangu niiseme kama ilivyokuwa: kile kingine kilinitia aibu. Nilikuwa nimekijaribu mbele ya kidato cha pili, nikasogeza bomba kulia na nyota ikakimbilia kushoto, wakacheka mpaka kengele ikalia. Kidoti kilikuwa rahisi. Hata mtu asiyejua kusoma angekitumia, na nilikuwa nikijiona mimi ni huyo. Musyoka hakunipinga. Alisema kitu kimoja, na nimekikuta kwenye daftari kwa mwandiko wangu: kidoti hakikuonyeshi kilipo kitu, kinakuonyesha unapoangalia. Nikaandika, nikapiga mstari chini, nikafunga daftari.

Sikisemi vibaya kidoti. Ni kifaa kizuri na nawashauri mkitumie. Macho yote mawili yawe wazi, msifinye moja. Mwangaza wa taa upunguzeni kabisa, maana kikiwaka sana kinakifunika kile unachokitafuta. Zimeni mkimaliza. Betri yake ni ile ya saa, na kwa miaka hiyo ilipatikana kwa fundi saa mmoja sokoni, ambaye kila mara aliniuliza kama saa yangu imekufa tena. Na msielekeze bomba kwenye jua.

Kubwa kuliko yote ni kukilinganisha. Kidoti na bomba ni macho mawili yaliyowekwa mbalimbali, lazima uyafundishe kuangalia mahali pamoja. Unatafuta kitu kwa lenzi kubwa, unakiweka katikati, halafu unageuza viskrubu vya kidoti mpaka nacho kikae juu ya kitu hicho hicho. Mwanzoni tulikuwa tukitumia mlingoti wa mawasiliano ulioko mbali upande wa mji. Kazi nzuri.

Halafu watu wa mtaa wa Galbet wakaja kulalamika. Mlingoti ulikuwa nyuma ya nyumba zao, na waliona bomba limeelekezwa juu ya nyua ambamo wake zao na mabinti zao wanapika na kufua bila kujifunika. Wazee watatu walikaa ofisini kwa mwalimu mkuu asubuhi nzima. Walikuwa na haki, na mimi ningelalamika. Mwalimu mkuu akatoa amri kwamba mchana darubini isielekezwe nje ya ua wa shule. Musyoka wakati huo alikuwa ameshapata uhamisho kurudi kwao. Kwa hiyo mimi mwenyewe, kwa akili yangu, nikatafuta kitu ndani ya ua. Nikachagua bomba la juu ya tangi la maji, hatua kama ishirini kutoka mlango wa maabara. Lenzi ilibidi niivute mpaka mwisho ndiyo lionekane vizuri. Nikalinganisha kidoti hapo, kikakaa sawasawa, nikafurahi. Nilikuwa nimetii amri, heshima ya nyumba za watu nimeilinda, na kifaa kimelenga. Nilifanya hivyo kwa miezi kadhaa.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia jilaal. Vumbi lilikuwa limeninginia hewani kama moshi, na upande wa magharibi, kule mtoni, hata mikoma, ile mitende ya porini, ilionekana kama imechorwa kwa penseli na kufutwa nusu. Mfungo ulipofika siku ya ishirini na tisa, imamu wa msikiti ulio karibu na shule alikuja maabara baada ya alasiri.

"Jillo, leo tunatazamia mwezi. Ukionekana, kesho ni Idi. Wazee wamesema watakuja kwenye kiwanja chenu kwa sababu kiko wazi. Leta na hicho chombo chako."

Nilimuuliza kama chombo kinakubalika. Akasema chombo si shahidi, shahidi ni mtu, na chombo ni kama miwani yake. Akaniambia tena kwamba kuingia Ramadhani wao huchukua neno la mtu mmoja, lakini kutoka wanataka wawili.

Nikabeba. Ile lenzi ya nguvu nyingi ndiyo niliyoifunga. Nilifikiri, kitu chembamba kinataka nguvu. Hili nalo liandikeni: anzeni na ya nguvu kidogo kila siku, maana inaona mahali papana zaidi. Mimi sikuanza nayo.

Wazee walikuwa kama kumi na watano. Alikuwapo Haji Noor mwenye duka, mtu wa mzaha, mkarimu pia, nisimnyime haki yake. Na alikuwapo Mzee Dakane. Huyu aliishi ukingoni mwa Galbet, alikuwa amechunga ngamia tangu utoto, na kazi yake mjini ilikuwa ushahidi. Sijui niiiteje vingine. Watu wakigombania mnyama sokoni, huyu anasema wangu na yule anasema wangu, anaitwa Dakane. Anamtazama mnyama, alama zake, mwendo wake, mama yake alikuwa yupi. Akisema ni wa fulani, ugomvi umekwisha. Hakuwa na cheo wala kitabu. Alikuwa na macho, na watu waliyaamini.

Jua likazama. Tukasimama tukiangalia vumbi. Mimi sikuona kitu. Haji Noor hakuona kitu. Kisha Mzee Dakane akainua fimbo, akasema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali.

"Ile bale. Juu ya mkoma mrefu, fidole mbili. Nyembamba kama ukucha."

"Wapi?" watu wakauliza.

"Hako! Nyinyi macho yenu iko wapi?"

"Dakane," Haji Noor akasema, "hiyo ni mwezi ama ni njaa? Angalia fizuri, isije ikawa sahani ya bilau."

Watu wakacheka. Walikuwa wamefunga siku nzima, na mtu mwenye njaa hucheka haraka. Dakane hakucheka.

"Imamu, wallahi naona. Usiangalie huyu, angalia hako."

Imamu akakaza macho. Akatikisa kichwa. Akanigeukia. "Jillo, chombo chako kiangalie pale pale anapopaonyesha."

Sikuweza kulenga, kwa sababu sikuona cha kulenga. Hapo ndipo yale maneno niliyoyapigia mstari yangenifaa, na sikuyakumbuka. Nilifanya nililoliona la busara. Nikamwita mzee mwenyewe kwenye kidoti. Nikapunguza mwangaza, nikamweleza. Akapiga magoti, fimbo kaiweka chini, akachungulia, nami nikasogeza bomba taratibu kwa maneno yake.

"Kulia. Kidogo. Juu. Rudi. Haa!" Akashika mkono wangu. "Nukta nyekundu iko juu ya mwezi. Iko juu yake kabisa, adeer."

Adeer ni baba mdogo, na mzee akimwita kijana hivyo ni kumkaribisha. Nilifurahi kuitwa hivyo mbele ya watu. Nikainama kwenye lenzi kubwa. Niliona mbingu ya rangi ya chungwa, tupu. Nikaivuta lenzi mbele na nyuma. Nikasogeza kidogo kushoto, kidogo kulia. Tupu. Nikampisha imamu. Imamu akaangalia kwa muda mrefu.

"Sioni kitu," akasema. "Jillo, una hakika chombo kinaangalia pale pale?"

"Nina hakika," nikasema. "Nimekilinganisha leo mchana."

Hilo lilikuwa kweli. Nilikilinganisha mchana, na tangi.

Tulijaribu tena, lakini Dakane alisema sasa umeshuka, umeingia kwenye vumbi. Mzee mmoja akanung'unika kwamba mwezi wake una miguu. Imamu alimwekea mkono begani.

"Sijasema umesema uongo. Nimesema uko peke yako."

Redio ilipofika saa yake ikasema viongozi wa dini wametangaza mwezi haujaonekana. Hili nataka mlishike, kwa sababu sitaki kujipa ukubwa nisio nao. Si mimi niliyeizuia Idi. Huenda hata kama ningeuona, viongozi wasingebadilisha neno. Lakini pale kiwanjani wangekuwa mashahidi wawili, na Dakane angekwenda nyumbani akiwa mtu aliyeuona.

Kesho yake watu walifunga siku ya thelathini. Dakane hakufunga. Kwa sheria anayoijua, mtu aliyeuona mwezi kwa macho yake hawezi kufunga siku ya Idi, hata akiwa peke yake duniani. Alichemsha chai ndani ya ua wake bila kumtangazia mtu. Jirani aliona moshi, akaenda kuuliza kama kuna mgonjwa, akamkuta na kikombe. Kufikia adhuhuri soko zima lilikuwa likisema Dakane alizusha mwezi ili ale.

Jioni hiyo mwezi ulionekana na kila mtu. Nilitoa darubini nikafurahie nami. Nikaweka kidoti juu ya mwezi, katikati kabisa, nikainama kwenye lenzi ya nguvu nyingi.

Mbingu tupu.

Nilirudia mara tatu. Nikabadilisha lenzi, nikaweka ya nguvu kidogo, na hapo ukingoni, kama mtu anayechungulia mlangoni, nikaona kipande cha mwezi. Daftari la siku hiyo lina mstari mmoja: kidoti na bomba haviangalii mahali pamoja. Sikujua kwa nini. Nilimwandikia Mwalimu Musyoka, na jibu lake lilipofika lilikuwa na mchoro. Alisema kidoti kimekaa karibu shubiri moja pembeni mwa bomba. Ukivilinganisha na kitu cha hatua ishirini, umevipinda vikutane hapo, na mbele ya hapo vinaachana kila kimoja na njia yake. Tafuta kitu cha mbali sana, akaandika, la sivyo subiri nyota. Hakunilaumu. Chini aliongeza: "Umemwambia nani?"

Nilimwambia imamu. Alisikiliza yote, hata mchoro aliuangalia. Akasema watu wamefunga thelathini, hakuna dhambi kwa yeyote, na mimi nilisema sikuona na kweli sikuona. Akasema kulifungua jambo hili sasa ni kuwagawanya watu, huku wangesema walifunga siku ya haramu, kule wangesema darubini ni ya shetani. Alikuwa akibeba msikiti mzima, na nadhani alisema alichoamini. Hakuniambia nimfiche Dakane. Hilo nililiongeza mwenyewe.

Sokoni mambo yakawa mabaya. Watu wawili waligombania ngamia jike, na mmoja akataka aitwe Dakane kama kawaida. Mwenzake akasema mbele ya umati, "Yule aliyeona mwezi beke yake? Basi na ngamia wako atamwona beke yake." Maneno hayo yalipendwa. Yalizunguka mpaka yakafika kwa wauza miraa.

Mzee alikuja maabara yapata mwezi mmoja baadaye. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nikiosha mirija. Barua ya Musyoka ilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu.

"Adeer Jillo," akasema, "mimi nauliza kitu moja tu. Nukta nyekundu, mimi niliweka juu ya mwezi. Wewe uliona nini?"

"Niliona mbingu tu, mzee."

"Mbingu ya hapo hapo? Hapo nilibo weka nukta?"

Nimejaribu kuandika kwa nini nilijibu nilivyojibu, na kila mara naandika sababu tofauti. Niliogopa mwalimu mkuu. Niliogopa wazee wa Galbet. Nilikuwa mtu wa mto mwenye kazi nzuri. Imamu alikuwa amenipa maneno ya kujifichia. Zote ni kweli na hakuna inayotosha.

"Ndiyo," nikasema. "Hapo hapo."

Alivua kofia akajipangusa.

"Basi ni macho yangu," akasema. "Mimi nilifikiri ni watu wamekuwa wabaya. Kumbe ni macho yangu."

Akanishukuru. Nataka mjue hilo, alinishukuru, akatoka.

Baada ya hapo walikuwapo bado wachache waliokwenda kumwomba aje sokoni. Yeye ndiye aliyekataa. Akiulizwa mnyama ni wa nani, alisema wamwulize mwenye macho. Kabla ya mwaka kwisha alihamia Rhamu, kaskazini ya mbali, kwa binti yake, kwenye mashamba ya kando ya mto Daua, na huko ndiko alikofia. Sikumwandikia. Nilianza barua mara mbili.

Nikiwa wa haki, ni lazima niseme na hili: sijui kama mwezi ulikuwapo. Mtu mwenye njaa, kwenye vumbi, anaweza kuona ukucha popote. Kama kidoti kingekuwa sawa, huenda ningeona mbingu ile ile tupu, na ningekuwa nimesema kweli. Ndilo linalonisumbua kuliko yote. Hakuna namna ya kurudi kuangalia.

Nilipostaafu nilimtafuta mwanawe Abdi, anayeuza dawa za mifugo hapa mjini. Nilimweleza mambo yote, nikamwonyesha mchoro. Hakunitukana. Alisema baba yake miaka ya mwisho alikuwa akiulizwa mbuzi huyu ni wetu ama wa jirani, na alikuwa akigeuza uso.

"Mimi nimesikia, adeer," akasema. "Lakini mimi sikucheka. Nenda waambie waliocheka."

Nilihesabu kwenye daftari. Imamu ameshafariki, na wazee karibu wote. Haji Noor yupo. Nilimkuta dukani kwake, amezeeka, amefurahi kuniona, akaagiza chai kabla sijakaa. Nikamwambia nimekuja kusahihisha jambo kuhusu Mzee Dakane.

"Dakane yubi?" akauliza.

Aliyeona mwezi, nikasema. Kiwanjani kwetu. Wewe ulisema habari ya sahani ya pilau.

Akafikiri kwa nia njema kabisa. Niliona anajaribu. "Miezi ni mingi, Jillo," akasema mwishoni, akacheka. "Lakini bilau naikumbuka."

Nikaanza kumweleza upya, tangu kwenye tangi la maji. Nilikuwa sijafika kwenye kidoti alipoingia mteja akitaka sukari, na Haji Noor akainuka kumpimia.